Hotuba ya Kuzindua Droni ya Dawa za Ng'ambo

Mheshimiwa Mwenyekiti, ambaye ni mimi. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amepata udhuru na nafasi yake nimeishika mimi. Wakuu wa idara, wasaidizi wa wakuu wa idara, na wanaowasaidia hao wasaidizi. Mke wangu mpenzi. Shemeji yangu, mtaalamu wetu wa anga. Nanyi wananchi mlioketi juani: hamjambo? (Kimya.) Nimesema, hamjambo! (Hatujambo.)

Katika muktadha mpana wa mageuzi ya kidijitali, na kwa kuzingatia kwamba daraja nililolizindua mwaka jana limechukuliwa na mto bila kibali cha ofisi yangu, leo nazindua, hapa uwanjani kwa zahanati, Mradi Jumuishi Shirikishi wa Usafirishaji wa Dawa kwa Njia ya Anga, wenye ufanisi uliothibitishwa wa asilimia mia moja na ishirini. (Makofi ya wakuu wa idara.) Mkunga, simama wakuone. Mama huyu ana kisanduku cha barafu, ndani mna dawa ya kuzuia kutokwa na damu, na ng'ambo ya mto kuna mama mjamzito anaisubiri. Nani huyo anasema kisanduku ni kikubwa kuliko droni? Mwondoeni.

Shemeji, washa! (Taa nyekundu inapepesa.) Mnaona? Inawasalimu. (Droni haisogei.) Shemeji ananinong'oneza kwamba droni na rimoti zimekataa kuoana. Ndugu zangu, hilo hutokea hata kwenye nyumba za heshima. (Vicheko.) Mke wangu, usiniangalie hivyo. Kitaalamu, tunazima vyote viwili, tunatoa betri, tunairudisha, tunawasha rimoti kwanza, droni baadaye, kisha tunabonyeza kitufe hiki mpaka ilie. (Hailii.) Zimeni simu zenu, mnaichanganya! Wewe wa spika, zima! Shemeji, isogeze karibu. Karibu zaidi. Zigusane! (Taa nyekundu.)

“Mheshimiwa, barafu inayeyuka,” anasema mkunga. “Yule mama ameshashikwa na uchungu.”

Uchungu tunao sote, mama. Keti. Mambo ya mfumo hayaendeshwi kwa pupa. Mbona unavua viatu? Mkunga! Unakwenda wapi na mali ya mradi kichwani? (Watu wanasimama. Kamba inaletwa.) Kaeni chini! Hotuba ina kurasa nyingine! Mto umejaa, na ofisi yangu haitahusika na mtu yeyote atakayevuka nje ya utaratibu! (Uwanja unabaki na viti na wakuu wa idara.)

Kama nilivyokuwa nasema, teknolojia ndiyo mwarobaini. Shemeji, bonyeza tena. (Sauti kutoka mtoni: “Shika kamba! Usiangalie maji, dada! Bado kidogo!” Kisha vigelegele.) Asanteni, asanteni sana kwa vigelegele hivyo. Vinanipa nguvu.

Droni juu! (Taa nyekundu.) Juu zaidi! Dawa hewani, afya nyumbani!

Kwa kumalizia, namshukuru shemeji kwa kukatiza kazi yake ya kupiga picha za harusi na kutuazima kidude chake, japo nasikia sasa hivi kwamba rimoti aliyokuja nayo ni ya kile kingine, kilichozama. Namshukuru pia fundi aliyelichora bango hili jana jioni kwa haraka, tena kwa herufi nzuri, maana mpaka sasa, waheshimiwa, hilo bango ndilo mradi wenyewe. Lisogezeni kivulini lisipauke.