Maelekezo ya Nusu Ukurasa

Jumatatu, 3 Machi

Mkuu wa masjala amestaafu! Chumba chake cha vioo ki wazi, na kiti cha kuzunguka kimo ndani. Miaka ishirini na miwili nakitazama. Mkurugenzi ametuita wawili: mimi na Bi Mfano, yule mwenzangu asiyemaliza sentensi bila kutoa mfano. Kiwanda kimenunua programu ya kubadilisha kumbukumbu za wafanyakazi wote kwa mkupuo. Atakayeiendesha si mtu, ni wakala wa akili bandia: husoma maelekezo, hutenda. Atakayemwandikia maelekezo bora atapewa chumba. Uamuzi Ijumaa.

Siri naijua. Ukiandika yote unayoyajua, umejifukuza kazi. Nitaandika kiasi tu cha kumfanya anihitaji.

Jumanne, 4 Machi

Nusu ukurasa! Sentensi moja naipenda kuliko zote: "Badilisha zamu za wahusika ipasavyo." Wahusika gani? Aniulize. Ipasavyo vipi? Aniulize.

Bi Mfano amefikisha kurasa kumi na moja. Masikini.

Fundi wa kompyuta alipita, akasoma yangu, akakuna kichwa. Akasema mzee wangu, wakala huyu haulizi; ukinyamaza, anakisia. Nikamwambia hata mke wangu hukisia na tunaishi vizuri. Nyumbani nikamsimulia mke wangu. Akasema tunaishi vizuri kwa sababu yeye hakisii, hupekua mifuko.

Jumatano, 5 Machi

Nimechungulia kazi ya Bi Mfano. Ni nzuri! Ukurasa wa pili: sehemu ya majina ikiachwa tupu, mabadiliko yatamgusa kila mtu kiwandani. Wa tano: jaribu kwanza kwa watu watatu. Wa tisa: weka nakala ya kumbukumbu kabla ya kugusa lolote. Hata jiwe lingeelewa.

Hila mpya. Nikamwendea kwa sauti ya kaka. Nikamwambia dada yangu, bosi huyu hasomi zaidi ya ukurasa mmoja, nipe nikupunguzie. Akanitazama kidogo, kisha akanishukuru. Nimekata maonyo yote. Umebaki ukurasa mmoja, laini kama mlenda. Kesho utapelekwa kwa jina lake, naye atakaangwa kwa mafuta yake mwenyewe.

Mke wangu ameniambia mchimba kisima huingia mwenyewe. Nimemjibu kwamba sikuchimba chochote. Nimefuta tu.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa. Mkurugenzi aliitupa pembeni nusu ukurasa yangu, akasema hata barua za posa huwa na maelezo zaidi. Akaushika ule wa Bi Mfano, akachangamka. Mfupi! Safi! Si nilisikia ni kurasa kumi na moja? Nani kaupunguza? Mkono wangu ukanyanyuka wenyewe. Naapa, wenyewe. Bi Mfano akasema ni kweli bosi, kaka yangu ndiye kaupunguza, sasa ni wake. Akatabasamu. Sikulipenda tabasamu lile.

Kwa hiyo kesho wakala atafuata maelekezo yangu mbele ya wakubwa. Niyarudishe maonyo? Nitaulizwa yalikuwa yamekwenda wapi. Acha yalale.

Ijumaa, 7 Machi

Mkurugenzi alitaka washonaji sita wahamishiwe chumba cha rangi. Kazi ndogo. Nikaiacha sehemu ya majina tupu, makusudi, ili wakala akwame, aniulize, nami nijibu kwa hekima wakubwa wakisikia. Najua Bi Mfano aliandika nini kuhusu nafasi tupu, lakini Bi Mfano hutia chumvi. Kiumbe mwenye akili kiasi hicho atakosa adabu ya kuuliza?

Hakuuliza. Sekunde nne.

Ikaanza kulia simu ya mkurugenzi. Kisha ya fundi. Kisha kiwanda kizima kikalia kama kundi la chiriku. Watu elfu moja mia moja na arobaini, kuanzia bosi hadi walinzi wa geti, wameamriwa kuripoti chumba cha rangi Jumatatu asubuhi, wakiwa na buti za mpira. Mpishi wa kantini akaja mbio na mwiko mkononi, akiuliza basi nani atabaki na masufuria.

Nikasema wakala ni mbovu. Bi Mfano akafungua mkoba, akatoa diski yenye nakala ya kumbukumbu aliyoiweka jana, mara tu niliponyanyua mkono. Ukurasa wa tisa! Dakika kumi, watu wakarudishwa mahali pao. Mkurugenzi alikuwa amemwagiza: warudishe wote, isipokuwa mmoja.

Jumatatu, 10 Machi

Chumba cha rangi. Buti zinabana. Vidole bluu hadi kwenye kifundo cha mkono. Kutoka hapa nakiona chumba cha vioo. Kimewekwa pazia jipya, na kiti kinazunguka.

Msimamizi wa hapa ni mtu mwema. Amesikia kwamba najua kuandika. Ameniomba maelekezo ya kuchanganya rangi, ili wafanyakazi wapya wasiharibu vitambaa. Nimeiona njia ya kupanda tena! Nimeandika mstari mmoja tu, nimeubandika ukutani juu ya pipa: "Tia rangi ya kutosha."

Kiasi gani? Waje waniulize.