Ombi la Kupatiwa Mtu Mmoja Asiye na Adabu, kwa Ajili ya Kona ya Bwawa la Bata

Kwako Mhariri wa gazeti letu la Ijumaa,
Ashthwaite.

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba yale mafua uliyotusimulia ukurasa wa pili yamekwisha. Mimi si mtu wa kulalamika. Mara ya mwisho nilikuandikia juu ya kelele za kengele ya kanisa, na kabla ya hapo juu ya ukimya wake. Lakini nyumba yangu imepakana na bustani ya mji, dirisha la jikoni linaitazama kona ya bwawa la bata, na mwenye dirisha kama hilo haoshi vyombo kwa amani.

Jambo lenyewe unalijua. Mafuriko ya Februari yalizoa kokoto na kupinda reli ya kigarimoshi chetu cha bustanini, kile ambacho watu wazima hukikalia kama farasi, magoti yakigusa masikio. Halmashauri imetamka kwamba mkaguzi atakuja Jumatatu ya wiki ijayo. Gurudumu likitoka relini mbele yake hata mara moja, reli yote itang'olewa na pale patakuwa maegesho ya magari. Ndipo walipojitokeza hawa wanaojiita wafanyakazi wa kujitolea. Ninayo haya dhidi yao:

1. Wanafanya kazi bila kulipwa, na inaonekana. Ovaroli zao zimepigwa pasi. Hubeba taruma moja, ubao wa kulalia reli, watu wanne, taruma lenyewe halizidi mkate mrefu, na wakishaliweka chini hulizunguka wakalitazama kama jamaa waliokuja kuona mtoto mchanga. Kisha hunywa chai.

2. Kiongozi wao ni Mzee Cuthbert Ollerenshaw, ambaye ameitunza reli hiyo tangu wengi wetu tukiwa na nywele. Simkosei heshima mzee huyu. Macho yake ndiyo yanayomkosea. Miwani haitaki. Hupiga magoti, hufumba jicho moja, hutazama kwa lile lililobaki, kisha hutoa amri: "Kulia kidogo. Kidogo tena. Hapohapo!" Na hapohapo ndipo reli ilipokazwa, ikiwa na tumbo linaloelekea bwawani kama mlevi anayetafuta mlango wa choo.

Wote waliliona tumbo hilo. Nami nililiona, na nilikuwa nasugua sufuria. Bi Hilary Threlfall, katibu wao, aliinamisha kichwa kando akasema, "Kazi safi, Cuthbert." Nigel Bickerstaff, dereva, akaongeza, "Ina mvuto wake, hiyo." Mzee akauliza kama kuna mwenye neno. Wakajibu kwa pamoja kwamba maji yamechemka.

3. Hapo ungedhani wamefika mwisho wa upuuzi. La. Mzee alipokwenda kwa daktari wa meno, waliivamia kona, wakafungua kila kitu, wakainyoosha reli kwa kamba na pimamaji mpaka ikanyooka kweli. Mzee akarudi, shavu limevimba. Akapiga magoti, akafumba jicho, na reli iliyonyooka akaiona imepinda vibaya. Je, alisema? Ndugu Mhariri, huyu ni mtu wa hapa. Hakutaka kuwaaibisha. Alingoja wenzake waingie kibandani kunywa chai, akachukua mtaimbo, akairudisha reli ilipokuwa, akiguna kwa maumivu ya jino.

Tangu siku hiyo ni mwendo wa kwenda na kurudi. Wao huinyoosha akiwa hayupo. Yeye huipinda wakiwa kwenye chai. Kila upande unaamini unauficha udhaifu wa mwenzake. Nimeona ndoa zilizodumu kwa mtindo huo, lakini ndoa haipandwi na watoto kwa tiketi.

4. Jumamosi iliyopita walifanya majaribio. Reli ilikuwa katika zamu ya mzee. Bickerstaff alikuja kwa madaha, kofia imekaa upande, akafika kwenye tumbo, garimoshi likaenda kulia na yeye akaenda bwawani. Bata walitawanyika. Alipoinuka, mimea ya majini ikining'inia begani, neno lake la kwanza lilikuwa kuwaomba radhi bata. Mzee alimpa mkono, akasema, "Upepo umezidi leo, Nigel." Naye, maji yakimtoka mifukoni, akajibu, "Mno, mzee wangu. Mno." Mhariri, nguo zangu zilikuwa kwenye kamba. Hata soksi haikutikisika.

5. Kisha ukaja utovu wa adabu wenyewe. Bi Threlfall aliegemea ukuta wangu akaniambia, "Bwana Clegg, mpenzi, wewe mji mzima unajua ulimi wako ulivyo. Si umwambie wewe tu? Hatuna mwingine." Yaani watu wazima waliomaliza shule wanataka kuazima mdomo wangu, kama ngazi! Nilimjibu kwamba mimi si mwanachama.

Kwa hiyo naomba, kupitia ukurasa wako, Halmashauri itupatie haraka mtu mmoja asiye na adabu, mwenye uzoefu. Asimame pale konani na amwambie mzee kwamba reli imepinda. Akikosekana, basi chai ipigwe marufuku ndani ya bustani, na sifa pia, na atakayesema "kazi safi" atolewe nje ya lango. Hilo likishindikana, reli ing'olewe, yaje magari. Gari likikugonga, angalau halikusifu kwanza.

Nisalimie wachapaji wako wote, mama mkwe wako, yule bibi wa dawati la matangazo ya vifo, na jirani zako ninaowajua na nisiowajua.

Ni mimi, mwenye kukereka kwa heshima zote,
Edwin Clegg

Nyongeza: Nilipokuwa naipeleka barua hii posta nilikatiza bustanini. Mzee Ollerenshaw alikuwa peke yake konani, amepiga magoti. Akaniita. "Jirani," akasema, "hawa wenzangu ni watu wema mno, siwaamini. Wewe hujawahi kumpendeza mtu. Hebu niambie kweli: hii imenyooka?" Nikaitazama, tumbo liko palepale. Nikamtazama. Nikasema, "Imenyooka kabisa, mzee. Kazi safi." Akanishukuru, akanipa nishike upande wa pili wa mtaimbo.

Hivyo tafadhali futa namba ya kwanza hadi ya tano, pamoja na ombi. Zitakazobaki ni salamu. Hizo zichapishe zote. Kuhusu Jumatatu, nasikia mkaguzi ni mwanamke wa Kiholanzi, na kwamba kwao mtu huambiwa ukweli kabla hajavua koti. Mimi na Bi Threlfall tumekubaliana kumpokea kwa chai, na kumwacha na mzee peke yao.