Naitrojeni ya Ng'ombe Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Bwana mifugo kaja na jirani wa bwawani. Samaki wake kadhaa wanaelea matumbo juu, na eti kosa ni langu! Maji ya zizi langu yanateremka mpaka kwake. Nikasema samadi yangu hupita kwanza kwenye mtambo wa gesi, mke wangu anapikia. Bwana mifugo akajibu gesi hutoka, naitrojeni hubaki majini, ndiyo inayoua samaki. Niitoe, la sivyo Ijumaa zizi linafungwa. Nikamuuliza hiyo naitrojeni hupatikana wapi. Akasema hata hewani imejaa. Sasa kama imejaa, ya ng'ombe wangu wanaitakia nini?

Jumanne, 4 Machi
Jana bwana mifugo alitueleza: tia chokaa kwenye pipa la maji ya samadi, funika, puliza hewa kwa pampu, amonia itoke kwa mpira iingie... wapi? Mke wangu alikuwa anasikiliza. Mimi nilikuwa namkodolea jirani macho. Nakumbuka "itoke" tu. Basi itoke! Mpira nimeuelekeza dirishani kwake.

Jumatano, 5 Machi
Upepo umegeuka. Mama mkwe alikuwa sebuleni ananisema, mara macho yakaanza kutuwasha. Tukalia wote. Akashangaa, kumbe mkwewe ana moyo laini! Kanikumbatia. Sikumsahihisha. Mke wangu katoka nje akikohoa, kauona mpira. Kavaa glavu, kautumbukiza kwenye dumu la maji yenye asidi, kama bwana mifugo alivyoelekeza, kafunga vizuri. Kisha karudi jikoni kupika. Heri angenigombeza.

Ijumaa, 7 Machi
Bwana mifugo kapima. Naitrojeni kwenye maji ya pipa imeshuka mno! Zizi limepona. Naitrojeni iko dumuni sasa, imegeuka mbolea. Kasema tuizimue kwa maji, tumwagilie mahindi kidogo kidogo. Kampongeza mke wangu. Mke wangu! Pampu aliazima nani?

Jumamosi, 8 Machi
Jirani bado amenuna, hata salamu hapokei. Nimefikiri sana. Ile ya zizini ilikuwa naitrojeni chafu. Hii imechujwa, imepimwa, imesifiwa. Ikinenepesha mahindi, itashindwaje kunenepesha samaki? Asubuhi nimemmwagia dumu zima bwawani, kimyakimya. Sitaki makuu.
Sasa namsikia ananiita toka bondeni, sauti imempanda kweli kweli. Ameshaona. Natafuta shati safi. Mtu hapokei shukrani na nguo za zizini.