Mjukuu Wangu Hana Ugonjwa, Ana Adabu

Kwa Bibi Noromanitra,
Mtaalamu wa Tiba ya Usemi,
Kliniki ya Watoto, Ambositra.

Bibi Mheshimiwa,

Kabla sijafungua kinywa, naomba radhi. Naomba radhi kwa walionitangulia kuzaliwa, ambao ndio waliostahili kuandika barua hii, ila kaka yangu Rajaona amelala usingizi na wengine wamekwisha kwenda kwa mababu. Naomba radhi kwa walio wadogo kwangu, nisije nikaonekana nimewanyang'anya neno. Naomba radhi kwa mwenye kalamu, maana ni ya mkwe wangu na hajui kama ninayo. Mimi si kichwa cha ukoo, wala si shingo yake. Mimi ni kisigino tu, nimesukumwa mbele kwa kukosa mwingine. Hivyo ndivyo waungwana wanavyoanza kusema: mtu huondoa lawama kwanza. Nikishaziondoa, sasa naomba nizilete.

Kama umenisahau, mimi ndiye yule mzee wa shuka jeupe na kofia ya ukindu, uliyemwomba akae chini mara tatu Alhamisi iliyopita. Naitwa Razanakoto Edmond. Kwa miaka thelathini na minane nimekuwa msemaji wa ukoo wetu. Iwe posa, mazishi au kuhamia nyumba mpya, popote panapotakiwa kabary, ile hotuba yetu ndefu ya heshima isiyoruka hatua hata moja, huitwa mimi. Mtoto uliyemwona ni mjukuu wangu Mialy, atakayetimiza miaka mitatu tukianza kuvuna mpunga. Aliletwa kwako na mwanangu Haja na mkewe Voahirana, kwa kuwa Voahirana ameingiwa na wasiwasi kwamba mtoto hasemi. Wewe ukawapa karatasi: arudi Alhamisi hii apimwe masikio, kisha aanze tiba ya usemi kila wiki. Voahirana hawezi kumpeleka bila neno langu, ndivyo nyumba yetu ilivyo. Karatasi hiyo iko hapa mezani na haina saini. Sababu zake ni hizi.

1. Namna ulivyouliza. Tulipoingia ulisema, "Karibuni, kaeni. Anasema maneno mangapi?" Bibi, hata muuza bata sokoni haulizwi bei hivyo. Swali la namna ile linahitaji lango na ua kabla ya kufika mlangoni. Nikajitahidi kukusaidia. Nikasimama nikaanza kukujibu kwa utaratibu, na nilikuwa nimefika kwa babu wa babu yangu, aliyekuja mjini humu na jembe moja, ukaniinulia mkono: "Babu, samahani sana, mimi nilikuwa naomba namba tu."

Namba! Kwa kukuheshimu nikasema manne. Voahirana akasema, bila hata kuniangalia, "Ni mawili, Baba. Na moja lenyewe ni la kufukuzia kuku."

2. Kosa lako kubwa, ambalo nakusamehe kwa kuwa wewe ni mtu wa vitabu. Ulichokiita kuchelewa kusema, sisi tunakiita malezi. Mdogo hasemi kabla ya mkubwa. Nyumbani tuko kumi na wanne, na Mialy ni wa kumi na nne. Zamu haijamfikia, basi. Wajukuu wengine wameruka foleni na tumewaacha kwa sababu ya uvivu wetu, lakini huyu mmoja anaijua foleni. Miezi miwili iliyopita tulikwenda kuposa, mimi nikisema upande wa bwana harusi. Saa tatu nzima Mialy alikaa kwenye mkeka bila kutoa sauti. Msemaji wa upande wa pili, mtu ambaye hajawahi kunisifia kitu, alisema mbele ya wote, "Mtoto huyu amelelewa." Nilirudi nyumbani nikiwa mrefu kuliko nilivyokwenda. Tangu siku hiyo, kila mgeni akiuliza mbona mtoto kimya, mimi nimewafundisha watu wote wa nyumba hii jibu moja: ana adabu.

Nilipokueleza habari hiyo ukauliza, "Na watoto wenzake wa umri huo siku ile walikuwaje?" Nikakujibu kweli: walitolewa nje kwa kelele. Ukaandika kitu. Naomba nijulishwe uliandika nini.

3. Karatasi yako ya maswali. Umeuliza kama mtoto huonyesha vitu kwa kidole. Bibi Noromanitra, wewe ni mwenzetu, unajua kabisa kwamba kulinyooshea kaburi kidole ni mwiko, na anayelazimika kulionyesha hukikunja kwanza. Dirisha letu la jikoni linatazama kaburi la ukoo. Mtoto asiyenyoosha kidole katika nyumba kama hiyo apewe alama za juu, asipunguziwe. Hapo Voahirana akaingilia tena: "Anaonyesha, Baba. Anaonyesha kila kitu. Akitaka maji ya ukoko wa wali ananishika mkono ananipeleka mpaka kwenye sufuria." Wewe ukafurahi ukasema hiyo ni dalili njema sana. Basi mmekubaliana wawili, na mimi mwenye kaburi sikuulizwa.

4. Masikio. Hili ndilo lililoninyima usingizi. Tumekuletea mdomo, wewe unataka kupima masikio. Ulipouliza, "Mkimwita kutoka nyuma, anageuka?" Haja akatazama sakafu. Voahirana akatazama sakafu. Nikaona sakafu imepata wasikilizaji wengi, nikajibu mimi: mtoto aliyelelewa hageuzi shingo kwa kila anayepiga kelele. Mke wangu Ravololona, ambaye alikuja kushika mwavuli tu, akasema, "Hata mimi sigeuki akiniita, mwaka wa arobaini na sita huu." Mkacheka wote, hata muuguzi wa mlangoni. Mialy naye alicheka alipoona nyuso zenu. Sasa nakuuliza: kiziwi anacheka? Hukunijibu vizuri. Ulisema tu, taratibu, "Ndiyo maana tunapima, Babu. Ili tusibahatishe."

5. Ushauri uliotupa wa nyumbani. Umesema tuchuchumae mbele ya mtoto, atuone uso, tuseme neno moja au mawili, halafu tunyamaze tuhesabu mpaka kumi tumpe nafasi. Umempa ushauri huo mtu aliyewahi kusema dakika arobaini kabla ya kufikia jina la bibi harusi! Hata hivyo kaka yangu Rajaona, ambaye hupenda mambo mapya, alijaribu. Alichuchumaa, akasema, "Maji," akanyamaza. Jirani aliyekuwa akipita akamwona mzee kachuchumaa anataja maji na kukodoa macho, akaja mbio na ndoo mbili. Tuliona haya. Wahenga wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini hawakusema kiwe cha Rajaona.

6. Kwa hayo yote, naomba yafuatayo, na naamini utayaona ya haki.

Kwamba kliniki yako ianzishe upesi sehemu ya kuwatibu watoto wanaosema mapema, maana hao ndio wagonjwa. Naanza kumwandikisha mjukuu wangu Tojo, wa miaka minne, aliyewatangazia wakwe siku ya posa kwamba koti nililovaa ni la mwalimu wa jirani. Kama kuna tiba ya kumrudisha kwenye neno moja, tutagharamia usafiri.

Kwamba Mialy apewe cheti cha usikivu, chenye muhuri, tukitundike sebuleni.

Kwamba aachwe akae kimya mpaka atakapofika miaka arobaini, umri ambao mimi nilikabidhiwa nafasi ya kusema, kisha aamke siku moja na kutoa kabary yote kwa mkupuo mmoja, bila kosa. Miaka thelathini na saba si mingi kwa kazi nzuri.

Na kwamba wewe mwenyewe, kwa kuwa u kijana na una sauti nzuri, uje kwangu miezi sita nikufundishe kuomba radhi kabla ya kuuliza. Chakula kipo. Wali wa asubuhi, wa mchana na wa jioni.

Nimesema machache kati ya mengi. Palipopinda, panyooshwe na wanaojua zaidi yangu, palipozidi, papunguzwe. Nisalimie muuguzi wa mlangoni aliyecheka, na mlinzi aliyenishikia kofia. Nisalimie wazazi wako nisiowajua, na wazazi wao waliolala. Voahirana anakusalimu, ingawa hana habari kwamba nakuandikia.

Ni mimi mwenye kulalamika kwa heshima,
Razanakoto Edmond

N.B. Barua hii niliimaliza jana jioni. Asubuhi hii, kabla sijaipeleka posta, nikaona ni vizuri niiongezee ushahidi ili usiwe na la kujibu. Mialy alikuwa nyuma ya nyumba anawatupia mabata pumba, amenipa mgongo. Nikasimama hatua nne nyuma yake, nikatoa mwanzo wa ile kabary iliyowahi kuliza ukoo mzima wa bibi harusi. Niliitoa kwa sauti ya uwanjani. Mabata walitawanyika. Mbwa aliinuka. Jirani wa ndoo alitokeza kichwa dirishani. Mialy alishangaa mabata wanakimbia nini, akawatupia pumba tena.

Nikamwita jina lake. Nikaliita mara ya pili. Nikaliita mara ya tatu, Bibi, kwa sauti ambayo sikujua kama bado ninayo. Nilipozunguka nikasimama mbele yake ndipo aliponiona, akafurahi sana, akanyoosha mikono nimbebe. Nilipombeba nikaendelea kusema sijui nini, na yeye akaweka kiganja chake kooni mwangu akakiacha pale, ananitazama mdomo. Hapo nilinyamaza, na kiganja chake kikanigonga koo, kikagonga tena, kama mtu anayebisha hodi.

Niliogopa. Naona aibu pia, maana mama yake amekuwa akisema kwa mwaka mzima, na mimi nilikuwa nikimjibu vizuri mno.

Ya juu huko yote usiyasome, isipokuwa habari za Tojo, ambazo ni za kweli. Karatasi nimeitia saini na kalamu nimeirudisha. Alhamisi saa moja asubuhi tutakuwa mlangoni kwako. Mimi nitakuja kumbeba mtoto tu. Ukiwa na swali, muulize Voahirana, yeye ndiye atakayesema.