Mkongwe Hutazama Viatu Kwanza

Redio, yule kinyozi ambaye habari humfikia kabla hazijatokea, alifika kijiweni asubuhi ile akaanza kutangaza hata kikombe hakijajaa.

"Mmesikia? Mkubwa wa polisi kasema askari wa siku nyingi hawana hasira. Eti kazi imewafunza kujizuia! Sasa wakongwe ndio watakaa mbele, vijana warudi nyuma wakajifunze."

"Kujizuia!" Mama Kahawa akasonya. "Aliyepindua mkokoteni wa mdogo wake Fundi jana alikuwa kijana? Ana mvi mpaka kwenye nyusi!"

Fundi viatu hakuinua kichwa. Alikuwa anashona soli huku moyo unamchemka. Mdogo wake amelala mahabusu kwa kosa la kuuliza, "Afande, nimefanya nini?" Wa kwenda kumsemea alikuwa mmoja tu, Sajenti mstaafu, aliyejaa pale benchini na kahawa ya bure mkononi. Na Sajenti alipenda kubembelezwa kama bibi harusi. Fundi akameza hasira, akaendelea kushona.

"Nyie raia hamjui kitu," Sajenti akasema. "Miaka yangu yote kazini, hasira nilikuwa naiacha nyumbani. Mtu anakutukana, wewe unacheka naye."

"Mtu gani huyo, afande?" Redio akadakia. "Mimi si ulinizaba kofi kwa kupiga chafya?"

"Chafya yako ilikuwa na dharau."

Benchi zima likaangua kicheko.

"Na yule mlevi wa gari kubwa aliyekutemea mate barabarani?" Mama Kahawa akamchokoza.

"Yule nilimfungulia mlango, nikamwambia safari njema, mheshimiwa. Huko ndiko kujizuia!"

"Sasa mzee wangu," Fundi akauliza taratibu, "unamjuaje wa kucheka naye na wa kumzaba?"

Sajenti akashusha sauti kama anayegawa urithi. "Uzoefu, mwanangu. Kuruta anatazama uso, na uso unadanganya. Mkongwe hutazama viatu kwanza. Vikiwa vinang'aa, hasira inashuka yenyewe. Zikiwa ndala, inapanda yenyewe. Mdogo wako alivaa nini?"

"Ndala."

"Basi kajitakia."

Fundi akachomeka sindano kwenye soli. Alitamani kumrushia nyundo. "Lakini utakwenda kumsemea, mzee wangu?"

"Nitakwenda, nitakwenda. Wiki ijayo nikipata nafasi. Mama, hebu ongeza kahawa hapa."

Fundi akaona kumbe siku zote alikuwa anampigia mbuzi gitaa. Hakutukana. Akavuta chini ya meza viatu vyeusi vya mteja, vya ngozi, alivyovisugua mpaka mtu angeweza kunyolea ndevu mbele yake kama kioo. Akavua ndala zake, akavivaa, akaja kusimama mbele ya benchi.

Sajenti alikuwa ameinamia kikombe. Macho yake yakakutana na viatu. Kabla hajajiuliza ni vya nani, mzee alishasimama wima, visigino vimegongana, kahawa ya moto inamchuruzika mapajani, wala hakusema hata "aa".

"Jamani," Mama Kahawa akashika mdomo, "kumbe kweli wanajizuia!"

Fundi alishageuka, anaelekea kituoni kumfuata mdogo wake, kifua mbele kama mwenye kiwanja.

"We Fundi!" Redio akapiga kelele. "Mwenye viatu akija, tumwambie nini?"

"Mwambieni ajizuie. Sajenti yupo hapo, atamfunza."