Tembo Wote Watazame Kulia

Jumatatu, 3 Machi

Bosi ametangaza kuwa shirika letu la wanyamapori linatafuta mkuu wa kitengo cha kumbukumbu. Mkuu ni mimi, ila bado hajajua. Mpango: kadi zote za tembo ziingie kwenye kompyuta, makaratasi yatupwe, chumba cha makabati kiwe ofisi yangu. Nimeshapima mahali pa kiti! Kikwazo ni mtunza makabati, ambaye ni shangazi wa mke wangu. Amesema kadi zitatoka humo siku atakayotoka yeye kwa machela. Nikampa shikamoo nyingine, nikaondoka.

Jumanne, 4 Machi

Shangazi ananipa kadi trei moja moja, kisha anazirudisha kabatini na kufunga. Roho mbaya tu. Kila kadi ina mchoro wa tembo, maana tembo hutambulika kwa mikato na matundu ya masikio. Wengine wanatazama kulia, wengine kushoto. Fujo kwenye skrini! Nimewageuza kama kwenye kioo, wote watazame kulia. Wamejipanga kama askari wa gwaride. Najipenda.

Alhamisi, 6 Machi

Kompyuta imelinganisha picha za karibuni kutoka porini na kadi zangu. Tembo wapya! Wapya kila nikibofya! Bosi kanipigia makofi mbele ya watu, kasema kesho nitawaeleza wafadhili mwenyewe. Mke wangu ananyoosha suti. Shangazi kanuna. Nimemshauri aanze kufungasha.

Ijumaa, 7 Machi

Balaa. Nilipoonyesha tembo mpya wa kwanza, daktari wa wanyama alisimama. Akasema huyo si mpya, ana kadi tangu zamani, alimshona sikio la kushoto kwa mkono wake, sasa imekuwaje kwenye kadi hiyo limechanika la kulia? Nikasema huenda lilihama. Shangazi akaingia na trei yake, wala hakuitwa. Kadi kwa kadi, wapya wote wakawa walewale wa zamani, niliowageuza mimi. Wafadhili walicheka hadi machozi. Bosi hakucheka.

Jumatatu, 10 Machi

Mkuu wa kitengo ni Shangazi. Mimi ni msaidizi wake, na meza yangu iko katikati ya makabati. Niseme ukweli? Nimefurahi. Kuna ubaridi mzuri, simu hazilii, na Shangazi ananimiminia chai bila kinyongo. Tembo nimewarudisha walivyokuwa. Leo amenikabidhi picha za twiga, akanisihi nisigeuze chochote. Sigeuzi! Mtu hujifunza. Ila ni ndefu mno, haziingii kwenye skana. Nyuma ya kila picha ameandika kwa wino mwekundu: mtambue kwa mabaka ya shingo. Mabaka! Si yapo mwili mzima? Nimechukua mkasi, nimekata shingo zote, trei nzima. Sasa zinaingia vizuri kabisa. Shangazi akitoka kikaoni atafurahi huyo!