Fuko Aliyejiita Korongo

Jumatatu, 4 Agosti

Kesho naenda Chebunyo kwa baba yake Cheptoo. Kujitambulisha tu, wazee watafuata. Lazima nimwahi Weldon, yule wa kuringa na pikipiki mpya. Shida ni moja: mzee atauliza mnyama wa ukoo wetu. Wa kina Weldon ni simba. Sisi je? Fuko! Baba mdogo Alfayo amenikemea. Amesema fuko ana bidii, hanyeshewi, wala hana kelele. Sawa, lakini nani amewahi kumpiga picha?

Jumanne, 5 Agosti

Ole wangu! Nimemkuta mzee shambani, amefura. Fuko wamemmalizia viazi vitamu. Akaapa hataki kusikia hata jina lao. Halafu uani, chai haijapoa, akaniuliza mnyama wetu. Nikaangalia kando. Korongo wawili walikuwa kwa malisho, taji kichwani, wanatembea kama machifu. Fuko hana shingo. Korongo ni shingo tupu. Fuko anategwa, korongo anapigwa picha na wageni. Nikasema korongo!

Mzee akaruka, akanikumbatia. Akasema karibu nyumbani, ndugu yetu, hata sisi ni korongo.

Ndugu! Watu wa mnyama mmoja hawaoani, hata mtoto wa nasari anajua. Kwa haraka zangu, sikuwahi kumuuliza Cheptoo wao ni nani. Alikuwa mlangoni na birika. Aliniangalia kama mtu aliyekanyaga mavi ya ng'ombe. Roho imeniuma sana.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimemwomba baba mdogo aende akaeleze ukweli. Amekataa katakata. Amesema aliyemkana fuko ajichimbie mwenyewe. Nikampigia Cheptoo, nikakiri. Akasema angekubali kuolewa na fuko, mwongo hapana. Akakata simu.

Jumamosi, 9 Agosti

Weldon amekuja kuposa na wazee wake. Nami nimealikwa, eti ndugu wa bibi harusi! Nikapewa kazi ya kumimina mursik. Nimemmiminia Weldon maziwa huku nikitabasamu kwa meno tu. Mzee akaniuliza, kama ndugu, nina pingamizi? Cheptoo akainama. Nikasema sina. Machozi nikasingizia moshi.

Baadaye jikoni nikampata Chepchirchir, msichana wa kutoka Chepilat, mrembo, anasonga ugali. Akaniuliza mnyama wetu. Fuko? Thubutu! Na korongo ameshaniponza. Nikajibu bila kupepesa: ndovu. Amecheka vizuri sana! Wao ni nani? Hayo madogo nitauliza tukishachumbiana.